Kutambua rivolva kuukuu: anza na inavyofunguka, jina lisome mwisho

Rivolva ya zamani, yaani bastola yenye silinda inayozunguka na matundu ya risasi, ikionekana, kila mtu huinamia maandishi. Mmoja anasoma "Smith & Wesson" kwenye mtutu, anatuma kwenye grupu ya familia ya WhatsApp kwamba babu alikuwa na Smith & Wesson ya Marekani, na jioni hiyo hiyo habari imeshakuwa sehemu ya historia ya ukoo. Kumbe maneno yale yalitaja aina ya risasi tu, na bastola yenyewe ilitoka Eibar, Uhispania, ambako mafundi walijua vizuri sana kuandika jina la mwenzao kwa herufi kubwa na la kwao kwa herufi ndogo.

Kwa hiyo mpangilio wangu ni wa kinyume na mazoea. Kwanza tazama inavyofunguka. Kisha silinda, umbo la fremu na mpini. Halafu mihuri. Jina la kampuni likija mwisho, litathibitisha ulichokwisha kuona au litakuonyesha kwamba kuna udanganyifu mahali. Mwongozo huu ni wa mtu anayehitaji kuandika maelezo sahihi: anayeorodhesha mali ya marehemu, mwanahabari wa mahakamani, msaidizi wa makumbusho, mtunza vifaa vya filamu, wakili anayekodolea macho picha za ushahidi. Karibu hatua zote zinafanyika kwa picha nzuri, bila kuigusa bastola.

Nairobi ina sababu zake za kuwa na vyuma hivi. Maafisa wa Uingereza walipita hapa katika vita dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika, 1914 hadi 1918. Mwaka 1941 majeshi yaliondoka Kenya kwenda kuwapiga Waitaliano Somalia na Ethiopia, na wanajeshi kote duniani hurudi na vitu mifukoni. Walowezi walikuwa na bastola zao, na baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952 waliziweka karibu zaidi na kitanda. Ndiyo maana tarajia zaidi za Kiingereza, kisha za Kimarekani zilizoletwa na Vita vya Pili, na chache za Kibelgiji, Kiitaliano au Kijerumani. Bunduki walizojitengenezea wapiganaji wa Mau Mau kwa mabomba ya maji na makomeo ya milango ni jambo jingine: nyingi zilifyatua risasi moja moja, kwa kuwa silinda inayozunguka na kujifunga mahali pake barabara inadai mashine na vipimo ambavyo karakana ya msituni haikuwa navyo.

Kabla ya yote: mikono nyuma

Bastola yoyote ina risasi mpaka mtu aliyefunzwa athibitishe haina. Iliyokaa miaka 70 sandukuni haijapungukiwa na hatari. Imeongezewa kutu, springi chovu na risasi ambazo hakuna anayejua hali yake. Rivolva nyingi za zamani hazina kizuizi cha kuaminika kati ya nyundo (chuma cha nyuma kinachopiga risasi) na risasi, na zikianguka sakafuni zinaweza kulipuka. Usiifungue, usivute nyundo, usichungulie mtutu kwa mbele hata kwa sekunde moja. Watoto watoke chumbani.

Upande wa sheria, Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inataka cheti kwa mwenye silaha. Usijitetee kwamba ni kuukuu, wala kwamba marehemu alikuwa na cheti. Cheti kilikuwa chake. Ukiikuta nyumbani, usiitie kwenye mkoba ukapanda nayo matatu kwenda kituoni. Iache ilipo, funga chumba, piga 999 au 112, au nenda kituo cha polisi mikono mitupu ueleze, waje wenyewe. Picha zako piga wakati unawasubiri.

Picha zinazosaidia

Piga upande wa kushoto wote, upande wa kulia wote, juu, na kila mahali penye maandishi. Simama ubavuni, usikae mbele ya mtutu. Weka rula kando yake bila kuisogeza bastola. Flashi ya simu inaua maandishi yaliyofifia. Izime, kisha mwombe mtu amulike kwa tochi kutoka pembeni, mwanga ukitambaa juu ya chuma, na herufi ambazo hukuziona zitatoa kivuli. Usisugue kutu. Usipake mafuta. Mtu akipendekeza "tuisafishe kidogo na WD-40", mtume dukani akalete kitu kingine.

Hatua ya kwanza: inafunguka vipi?

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapotaka ukae zaidi. Kuna njia chache tu za kuingiza risasi katika rivolva, na kila njia huacha alama inayoonekana hata ikiwa imefungwa.

Tafuta kwanza bawaba. Kama mbele ya kifyatulio, chini mwishoni mwa fremu, kuna skrubu kubwa au kichwa cha pini, na juu nyuma ya silinda kuna komeo mbele ya nyundo, hiyo inavunjika katikati: mtutu unainama chini na maganda yanarushwa nje yote kwa pamoja. Komeo likiwa na mkono mdogo wa kidole gumba upande wa kushoto, na chuma kinachopanda na kupita juu ya fremu kutoka ubavu hadi ubavu, fikiria Webley ya Kiingereza au ndugu yake Enfield. Komeo likiwa juu tu, la kuinuliwa kwa vidole, fikiria Smith & Wesson za karne ya 19 au bastola ndogo za Kimarekani za bei nafuu kama Iver Johnson na Harrington & Richardson. Iver Johnson nyingi zina kichwa cha bundi kwenye mpini, na hilo humaliza ubishi haraka.

Hakuna bawaba? Angalia kama kuna ufa mwembamba kwenye fremu mbele ya silinda, chini ya mtutu. Huo ni mkono unaobeba silinda, na silinda inatoka kwa ubavuni. Upande wa kushoto, nyuma ya silinda, kutakuwa na kitufe cha kidole gumba. Kwenye Smith & Wesson kitufe hicho husukumwa mbele; kwenye Colt huvutwa nyuma, na umbo lake linaonyesha hivyo. Sasa tazama fimbo ya kutolea maganda chini ya mtutu. Smith & Wesson tangu 1902 zina kifundo chini ya mtutu kinachoishika ncha ya fimbo hiyo. Colt za zamani hazina. Fimbo inaishia hewani. Tofauti hii moja inaonekana hata kwenye picha mbaya ya gazeti, na ndiyo ninayoitafuta kabla ya nyingine yoyote. Ukiona silinda inayotoka upande wa kulia, ni jambo la nadra: Mfaransa wa 1892, kaliba (upana wa tundu la mtutu) ya milimita 8, ambayo wengi huiita Lebel.

Kama fremu ni kipande kimoja kizima, bila bawaba wala ufa, hamia upande wa kulia nyuma ya silinda. Kilango kidogo kinachofunguka hapo maana yake risasi ziliingia moja moja. Familia hii ni pana. Colt Single Action Army ya 1873 ina kilango hicho na bomba la fimbo lililobanwa upande wa kulia chini ya mtutu. Nagant ya 1895, iliyobuniwa na Mbelgiji Léon Nagant na kutumiwa sana na Warusi, ina matundu saba, na ukivuta nyundo silinda yake husogea mbele kukumbatia mtutu ili moshi usivuje. Bodeo ya 1889 ya Waitaliano, kaliba ya milimita 10.35, katika toleo la askari wa kawaida ina kifyatulio kinachokunjwa mbele na haina pete ya kukilinda. Ukiona kifyatulio cha kukunja kwenye bastola kubwa ya kijeshi, fikiria Italia na vita vya Ethiopia. Rivolva za jeshi la Ujerumani za 1879 na 1883, milimita 10.6, ni nzito na hazina hata fimbo ya kutolea maganda; askari alitumia kijiti.

Kifyatulio cha kukunja kwenye bastola ndogo ya mfukoni kinaelekea kwingine: velodog, vibastola vya Kifaransa, Kibelgiji na Kihispania vya milimita takriban 5.5, vilivyouzwa kwa waendesha baiskeli waliosumbuliwa na mbwa. Nyingi zimeficha nyundo ndani kabisa.

Hakuna hata kilango? Nyuma ya silinda kukiwa na vichuchu vidogo vya chuma, kimoja kwa kila tundu, hiyo ni ya baruti na fataki, kabla ya risasi za ganda kuenea. Colt ya 1851 haina chuma kinachopita juu ya silinda. Remington za wakati huo zinacho. Ukiona vijipengo kwenye ukingo wa nyuma wa silinda badala ya vichuchu, hata kama kilango kipo, ni Lefaucheux au nakala yake, ambapo kila risasi ilikuwa na kipini kilichochomoza pembeni na kupigwa na nyundo kutoka juu.

Hatua ya pili: silinda

Hesabu mifereji iliyochongwa ubavuni mwake. Idadi yake kwa kawaida ni idadi ya matundu. Usihesabu matundu kwa kuchungulia mbele. Tano mara nyingi ni bastola ya mfukoni, kama zile za mtindo wa bulldog ambazo Webley alianzisha 1872 na mafundi wa Ubelgiji wakazinakili bila huruma. Sita ni za kawaida. Saba, rudi kwa Nagant.

Vijishimo vya kufungia silinda vina mteremko upande mmoja, na mteremko huo unaonyesha silinda inazungukia wapi. Ukiitazama kutoka nyuma, silinda ya Colt ya kutoka ubavuni, ukiacha zile za mwanzo kabisa, huzunguka na saa, ya Smith & Wesson kinyume cha saa. Bastola yenye farasi wa Colt aliyesimama kwa miguu ya nyuma lakini yenye kila tabia ya Smith & Wesson ina maelezo ya kutoa.

Na kama silinda imechorwa mifereji ya pembe pembe, ya kupanda na kushuka kuizunguka yote, hiyo ni Webley-Fosbery ya 1901, iliyojizungusha yenyewe kwa nguvu ya mrudisho. Ni nadra sana. Lakini ukiikuta huwezi kuichanganya na nyingine.

Hatua ya tatu: mpini, nyundo, mtutu

Kwa Webley za jeshi za kaliba ya .455 mpini ndio unaotenganisha vizazi. Mark I (yaani toleo la kwanza), iliyokubaliwa 1887, mpaka Mark V zina mpini mfupi uliopinda na kuishia kwa ncha ya mviringo. Mark VI ya 1915 ina mpini mnene wa pembe nne na mtutu wa inchi 6, karibu milimita 152, na kilengeo cha mbele kilichofungwa kwa skrubu. Kwa macho ya kwanza tu utazitofautisha.

Pete ya kamba chini ya tako la mpini huashiria jeshi au polisi. Nyundo isiyo na mkia wa kuvutia kwa kidole huashiria ama bastola ya mfukoni au Enfield No. 2 Mark I* ya 1938. Hiyo ya mwisho ililengwa hasa wanajeshi wa vifaru, ambamo mkia wa nyundo ulinasa kila mahali.

Kuhusu Enfield na Webley Mark IV ya .38, watu wengi huzichanganya, na wana haki. Baada ya Vita vya Kwanza Webley walibuni rivolva nyepesi zaidi kwa ajili ya serikali, kiwanda cha serikali cha Enfield kikaichukua, kikabadilisha sehemu za ndani na kuitengeneza chenyewe. Webley walishtaki, na mwishowe wakaambulia pauni 1,250. Zote mbili zina mtutu wa inchi 5 kwa kawaida, zote zinavunjika katikati. Amua kwa maandishi: Enfield imeandikwa upande wa kulia wa fremu, jina, "No 2", mark na mwaka chini ya taji, Webley ina "MARK IV" juu upande wa kushoto na mara nyingi "38" na "145/200", ambazo ni uzito wa risasi. Webley za wakati wa vita zina pia maneno "WAR FINISH", yaani kiwanda kinakuomba radhi kwa chuma kisichong'arishwa.

Hatua ya nne: mihuri midogo

Mihuri midogo husema ukweli kuliko jina kubwa, kwa sababu iligongwa na mkaguzi, na mkaguzi hakuwa akiuza chochote.

Alama ya mistari mitatu iliyokutana kichwani, kama unyayo wa kuku, ni mali ya serikali ya Uingereza. Mbili zikitazamana ncha kwa ncha, silaha iliuzwa nje ya utumishi. Herufi ELG ndani ya duara la yai ni jumba la majaribio la Liège, Ubelgiji. Ikiwa na taji juu yake ni ya 1893 au baadaye. Taji juu ya herufi NP au BV ni Uingereza ya kiraia. "NOT ENGLISH MAKE" inajieleza: iliingia Uingereza kutoka nje, ikapimwa, ikapigwa muhuri wa kutahadharisha. "U.S. PROPERTY" ni jeshi la Marekani, na kwenye Smith & Wesson yenye herufi V mbele ya nambari kwenye tako la mpini unashika toleo la vita liitwalo Victory, la kati ya 1942 na 1945, ambazo nyingi zilipelekwa kwa Waingereza na makoloni yao.

Mitego miwili. Kwanza, miaka iliyoandikwa juu ya mtutu wa bastola za Kimarekani mara nyingi ni miaka ya hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi. Mtu husoma 1884 akaripoti "bastola ya 1884", na huenda ilitengenezwa miaka ishirini baadaye. Pili, yale maneno ya Eibar: ukiona sentensi ndefu inayoelekeza utumie risasi zinazofaa Smith & Wesson, unasoma maelekezo ya risasi. Hata Uingereza yenyewe mwaka 1915 ilinunua rivolva za Kihispania za .455 kwa kukosa za kutosha, hivyo Eibar iliyo na unyayo wa kuku si jambo la ajabu.

Herufi zilizopinda, N iliyogeuzwa, jina lililokosewa tahajia: huo ni mkono wa fundi aliyenakili bila kusoma, na karakana za Khyber, mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, zinajulikana kwa hilo. Mshono wa kalibu unaopita katikati ya chuma chepesi cha kijivu, au mtutu ulioziba, ni ishara ya bastola ya kuanzishia mbio au ya filamu. Hata hiyo usiichezee. Waachie polisi waamue.

Hatua ya tano: nambari na kaliba

Nambari ya mfululizo iandike kama ilivyo, pamoja na herufi ya mbele na nafasi. Kwenye Smith & Wesson inayotegemewa ni ya tako la mpini; zile za ndani ya mkono wa silinda mara nyingi ni za kiwandani za kuunganishia vipande. Nambari iliyopigwa tupa andika "imefutwa" na uiache. Maabara ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai) iliyo Kiambu Road ina namna yake ya kushughulikia hilo, na kusugua kwako kunaharibu kazi yao.

Kaliba usiikisie kwa kutazama tundu. Risasi ya .38 S&W na ya .38 Special zina jina karibu moja na hazibadilishani, na Victory nyingi zilichongwa upya baada ya vita kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Andika "imeandikwa .38", usiandike "ni .38".

Mfano mmoja mpaka mwisho

Tuseme picha iko mbele yako. Skrubu kubwa chini mbele ya fremu, komeo lenye mkono kushoto: inavunjika katikati, familia ya Webley. Mifereji sita. Nyundo imekatwa mkia, bapa. Rula inasoma inchi 5. Mwanga wa pembeni kulia unatoa taji, ENFIELD, No 2, MK I, kisha nyota, kisha 1935. Sasa simama hapo. Nyota si ya mkono ule ule: ni ndogo, imekaa juu kidogo ya mstari, na kina chake kinatofautiana na cha herufi. Mwaka ni 1935, na Mark I* ilikuja 1938. Basi hii ilizaliwa Mark I, ikiwa na mkia wa nyundo, ikarudishwa karakana na kukatwa. Andika hivi:

"Rivolva ya kuvunjika katikati, matundu sita, mtutu takriban inchi 5, nyundo isiyo na mkia, pete ya kamba kwenye mpini. Upande wa kulia: taji, ENFIELD No 2 MK I, nyota iliyoongezwa baadaye, 1935. Unyayo wa kuku, hakuna alama ya kuuzwa nje. Nambari: [kama ilivyo]. Kaliba iliyoandikwa: hakuna inayosomeka. Haikufunguliwa, hali ya risasi haijulikani."

Maelezo hayo toa nakala mbili. Moja mpe afisa anayekuja kuichukua na umwombe aiingize kwenye OB (daftari la matukio la kituo) jinsi ilivyo, badala ya "bastola moja kuukuu". Nambari ya OB iandike kwenye nakala ya pili, pamoja na tarehe na kituo, na uiweke na picha, kwa sababu bastola yenyewe hutaiona tena na jamaa wataanza kuulizana ilikuwa ya aina gani kabla ya matanga kwisha.